Jinsi ya kuiona Alfa Centauri, nyota pacha iliyo jirani yetu kuliko zote, kwa macho yako mwenyewe

Ukitoka nje usiku wa mwezi wa sita, mida ya saa 3, ukaangalia kusini utakuta nyota mbili kali zimekaa jirani kama zinafuatana, na ya kushoto ndo kali zaidi, ina unjano kwa mbali. Hiyo ya kushoto ndo Alfa Centauri. Wengine wanaiita Rijili Kantori, jina limetoka kwenye Kiarabu, maana yake mguu wa kantori, yule kiumbe nusu mtu nusu farasi wa hadithi za Wagiriki. Ukiiangalia unaona nukta moja tu ya mwanga, kumbe pale kuna majua mawili kamili yanazungukana, kila moja linakaribiana ukubwa na jua letu hili la mchana, na hakuna nyota pacha nyingine iliyo karibu nasi zaidi yao huko juu.

Mi nakaa Tanga, na nimeshawaonyesha watu wengi hii nyota, watoto wa mtaani kwetu, mafundi, mama zangu wa jirani wakitoka kuanua nguo, na kila mara kinachoniuma ni kwamba mtu ana miaka hamsini imekuwa inapita juu ya paa lake kila mwaka na hakuna aliyewahi kumwambia. Mtu anayeishi London au Berlin hata akilala nje mwaka mzima haioni, haipandi kabisa kwenye anga yake, mpaka asafiri kuja huku kwetu. Sisi tunaipata bure. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kuipata, na namna ya kuuona huo upacha wenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Jambo moja kabla hujatoka nje, ili usije ukarudi umevunjika moyo: kwa macho matupu nyota utaiona vizuri sana, ila utaiona kama taa moja. Kuzitenganisha mbili inahitaji teleskopu, tena ndogo tu. Kuna nyota pacha nyingine ambayo macho yenyewe yanaitenganisha, iko upande wa kaskazini, usiku huo huo, hiyo nimeiweka mbele kidogo.

Hatua ya kwanza: mwezi na saa

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanatoka mwezi wa kumi na mbili saa 2 usiku wanatafuta, hawaoni kitu, wanasema mambo ya uongo. Nyota hii kwa jioni inaonekana kuanzia Aprili hadi Septemba. Aprili saa 3 usiku bado iko chini kusini mashariki, ukiwa na mnazi au ukuta mbele yako imekwisha hiyo. Mei inapanda. Juni na Julai ndo wakati wake haswa, inakuwa imesimama juu kabisa ya kusini mida ambayo watu bado wako macho. Agosti na Septemba inaelekea kusini magharibi, kwa hiyo toka mapema, saa 1 na nusu au saa 2, ukichelewa inazama. Kuanzia Oktoba inapotea kwenye mwanga wa jua, na kuelekea mwisho wa mwaka inarudi alfajiri.

Kwa watu wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, nyota inafika juu kabisa ya safari yake takriban saa 4 na dakika 20 usiku mwanzoni mwa Juni, saa 3 na nusu katikati ya Juni, saa 2 na nusu mwanzoni mwa Julai. Nairobi ongeza kama dakika kumi, Kampala kama nusu saa, sababu mko magharibi zaidi na saa zetu ni zile zile. Kanuni yenyewe ni rahisi, kila siku nyota inawahi kwa dakika 4, ndo maana kwa mwezi mzima inakuwa imewahi saa 2. Ukishaiona leo kwenye ncha ya mwembe wa jirani saa 3, wiki ijayo itakuwa pale pale saa 3 kasoro kama nusu saa.

Juni na Julai pia kuna faida ya hali ya hewa, masika yameisha, kipupwe kimeingia, anga la pwani na bara ya Tanzania linakuwa safi. Nairobi mna shida mwezi wa saba, lile wingu la baridi linaweza kukaa wiki, basi tumieni Juni mwanzoni au ikitokea usiku umefunguka toka mbio usisubiri kesho.

Hatua ya pili: mahali, na kujua kusini iko wapi

Usijisumbue kwenda porini. Hii nyota ni kali mno, ukihesabu mwanga wa zote mbili kwa pamoja ni ya tatu kwa ukali kati ya nyota zote za usiku, iko nyuma ya Shira na Suheli tu. Katikati ya Kariakoo na taa zote zile inaonekana. Unachohitaji ni upande wa kusini uwe wazi, usiwe na ghorofa wala miti mirefu. Paa la nyumba, uwanja wa mpira, ufukweni, barabara inayoelekea kusini, yote sawa. Kama unatoka usiku nenda na mwenzako, tochi ibebe ya kuangalia njia, halafu ukifika izime na simu iweke mfukoni, macho yanataka kama dakika 20 kuzoea giza na ukifungua meseji moja tu unaanza upya.

Kusini utaijuaje? Jioni angalia jua linapozama, simama mkono wako wa kulia ukielekea kule, uso wako uko kusini. Na kwa sisi wa pwani kuna njia rahisi kuliko hata dira. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwetu, kuanzia Dar hadi Mombasa, ndo maana hata neno kibla huku lilitumika kumaanisha kaskazini. Basi simama ukiipa mgongo kibla ya msikiti wowote, umeshaangalia kusini, na haupotezi hata digrii chache. Wazee wa baharini kusini waliita suheli, jina la ile nyota kali ya upande huo, yaani mielekeo yetu yote miwili ilikuwa na majina yake kabla simu hazijaja na dira ndani.

Sasa itakuwa juu kiasi gani? Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, ngumi moja ni kama digrii 10 za anga. Anzia kwenye ukingo wa dunia panda ngumi juu ya ngumi. Alfa Centauri ikiwa imefika juu kabisa, Nairobi ni ngumi 3, Mombasa 3 na kidogo, Tanga na Dar 3 na nusu, Mbeya na Mtwara karibu 4, Lubumbashi 4 na kidogo. Kampala inakuwa chini ya 3 kwa kiasi kidogo. Ndugu zetu wa Muscat mnayo pia ila ni nusu ngumi tu juu ya ukingo, mnatakiwa muwe na upande wa kusini usio na mlima wala vumbi, wa Salalah mna ngumi moja nzima, nyie hamna kisingizio.

Hatua ya tatu: anza na Msalaba

Usiitafute Alfa Centauri yenyewe kwanza. Tafuta Msalaba wa Kusini, ni nyota nne zimekaa umbo la msalaba au kishada, ndogo kuliko watu wanavyotegemea, urefu wake wote ukinyoosha mkono unafunikwa na vidole vitatu. Katikati ya Mei saa 3 usiku msalaba umesimama wima. Juni na Julai umeanza kuinamia kulia. Kushoto kwake ndo kuna hizo nyota mbili kali, Waingereza wanaziita viashirio sababu zinauonyesha msalaba ulipo. Ya karibu na msalaba inaitwa Hadar, ina weupe wa kibuluu. Ya mbali na msalaba, ya kushoto, ndo Alfa Centauri. Umbali kati ya hizo mbili ni kama vidole viwili au vitatu.

Kuna msalaba wa uongo. Uko kulia zaidi, unaonekana mkubwa kuliko wa kweli, nyota zake zimefifia kidogo, na umewadanganya watu wengi sana hasa Aprili na Mei jioni sababu wenyewe unakuwa juu wakati wa kweli ndo unapanda. Namna ya kuwatofautisha ni moja tu, wa uongo hauna nyota mbili kali pembeni. Ukiona msalaba hauna viashirio, sogeza macho kushoto.

Alafu kuna kosa jingine ambalo nataka nikae nalo kidogo sababu mi mwenyewe nililifundisha. Nilimwonyesha mpwa wangu hizo mbili, Hadar na Alfa Centauri, nikamwambia hizi ndo nyota pacha. Zimekaa mbili, zinalingana karibu, nani asingeamini? Kumbe sio ndugu kabisa. Alfa Centauri iko umbali wa miaka ya nuru 4.37 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), Hadar iko karibu 390. Yaani Hadar iko mbali mara tisini hivi zaidi, ni kama uone taa ya baiskeli hapa mtaani na taa ya mnara wa milimani vimekaa sambamba machoni ukasema vimetundikwa kwenye mti mmoja. Nilirudi kumrekebisha, na alichoniuliza ni swali zuri kuliko langu lote la mwanzo, akasema sasa Hadar iko mbali hivyo mbona inawaka hivyo? Kwa sababu ni jitu, ina mwanga mara maelfu ya jua letu. Pacha wa kweli wa Alfa Centauri yuko ndani ya ile nukta moja. Na Hadar nayo ukiichimba ni zaidi ya nyota moja, lakini hiyo tuiache.

Hatua ya nne: hakikisha ndo yenyewe

Sayari zisikuchanganye, Zuhura na Mshtarii hazifiki kule kusini hivyo, zinapita njia ya jua na mwezi. Kama kitu kinatembea ni ndege au satelaiti. Kama kinametameta na kubadilisha rangi nyekundu kijani nyeupe haraka haraka, usiseme umeziona mbili zinapishana, hiyo ni hewa. Nyota ikiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nene na yenye joto, unatikisika. Nimeshasikia mtu anaapa kaona mbili zinacheza. Subiri ipande, itatulia, na utaiona rangi yake halisi, nyeupe yenye unjano kama siagi.

Ukishakuwa na uhakika kaa nayo. Mwanga unaokuingia jichoni umetoka kule miaka minne na miezi minne iliyopita, mtoto ambaye alikuwa anaanza darasa la kwanza siku hiyo sasa yuko la tano. Na huyo ndo jirani wa karibu. Kwa kilomita ni kama trilioni 41, basi la kwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama hata kula lingetumia miaka karibu milioni 59.

Hatua ya tano: elewa kwa nini jicho linaona moja (jaribio la viberiti)

Hii usiiruke, inachukua robo saa na watoto wanaipenda. Tafuta viberiti viwili vya gesi, vile vyenye kitochi kidogo mkiani. Usiku mpe mwenzako asimame goli moja la uwanja wa mpira, aviwashe avishike vitochi viwili vimeachana sentimita 3, vimekuelekea. Wewe anza kurudi nyuma. Mwanzo unaona taa mbili bila shida. Unaendelea kurudi, zinakaribiana, zinaanza kugusana, na ukikaribia goli la pili, mita 100 hivi, zinakuwa moja. Mi kwangu ziliungana kabla sijafika, macho yangu yamechoka kidogo, mpwa wangu alifika mpaka kwenye nyavu bado anasema anko zipo mbili.

Ulichopima pale ni mpaka wa jicho la binadamu. Digrii moja inagawanywa dakika 60, na kila dakika inagawanywa sekunde 60, hizi ni za pembe sio za saa. Jicho zuri linaishia kwenye dakika moja hivi, yaani sekunde 60. Majua mawili ya Alfa Centauri kwa miaka hii yameachana sekunde kama 9 au 10 tu. Kwa viberiti vyako ingekuwa mwenzako abaki golini, wewe urudi nyuma karibu mita 700, uvuke barabara, uvuke mtaa mzima, halafu ndo ujaribu kuona kwamba ni mbili. Haiwezekani, na sio ubovu wa macho yako.

Darubini ya mkononi, ile ya macho mawili, inasogeza ila mkono unatetemeka, ukijaribu bila kuiegemeza huoni kitu cha maana kwenye hii. Itumie kwa mengine.

Hatua ya sita: kuzitenganisha kwa teleskopu

Usinunue kitu cha bei kubwa. Teleskopu yenye lenzi ya milimita 60 au 70 inatosha kabisa kwa kazi hii, na kama hauna, uliza shule za jirani, mwalimu wa fizikia anaweza kuwa nayo kwenye kabati haijatoka tangu iletwe. Cha kuangalia sio ile namba kubwa ya kukuza iliyoandikwa kwenye boksi, angalia miguu. Ya kwangu ya kwanza niliuziwa ina miguu mitatu ya bati jepesi, ukiigusa tu nyota inaruka kama nzi, nilihangaika wiki mbili mpaka nikaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu ndo ikatulia. Fanya hivyo hivyo, kilo mbili tatu za mchanga, inasaidia sana.

Itoe nje nusu saa kabla ili ipoe ilingane na hewa. Na usiangalie juu ya paa la bati la jirani, hili watu hawalijui, bati lililopigwa jua mchana kutwa linatoa joto mpaka usiku na nyota inachemka kama iko chini ya maji. Nilihama upande mmoja wa nyumba kwenda mwingine usiku ule ule na tofauti ilikuwa kama mtu kafuta kioo.

Anza na lenzi ya kutazamia yenye namba kubwa, 25 au 20, hiyo ndo inakuza kidogo na inaonyesha eneo pana, ilete nyota katikati. Ukiona mduara kama donati bado haujaweka sawa, zungusha taratibu mpaka mduara unywee uwe nukta ndogo kabisa. Hapo badilisha weka ya 10. Kwenye teleskopu yenye urefu wa milimita 700 hiyo inakuza mara 70, inatosha na kubaki. Nyota itakuwa inatoroka polepole kwenye kioo, dunia inazunguka, wewe irudishe kwa mguso mdogo, kisha toa mkono usubiri mtikisiko uishe.

Na hapo ndo utaziona. Taa mbili za gari linalokuja mbali usiku kwenye barabara iliyonyooka, moja kali moja imefifia kidogo, katikati yao weusi mwembamba kama uzi. Kali ni nyeupe yenye njano, hiyo ni A, nzito kidogo kuliko jua letu. Iliyofifia ina uchungwa, hiyo ni B, nyepesi kidogo kuliko jua letu, mwanga wake ni kama theluthi ya mwenzake ukiangalia kwa jicho. Mara ya kwanza nilipoziona nilinyamaza, mke wangu akadhani teleskopu imeanguka.

Wa kwanza kuandika kwamba ni mbili alikuwa Jean Richaud, padri Mjesuiti, Desemba 1689 akiwa Pondicherry kule India, alikuwa anafuatilia nyota yenye mkia (kometi) akaipitia tu. Umbali wake ulipimwa hapa hapa Afrika, Thomas Henderson aliupima kule Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1832 na 1833, kwa kuangalia nyota inavyosogea kiduchu dunia ikiwa upande huu na upande ule wa jua. Akasita kutangaza, hakuziamini namba zake, akachapisha 1839, na mwaka mmoja kabla yake Bessel, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine, kwa hiyo sifa ya kuwa wa kwanza ikaenda Ujerumani. Inaniuma kila nikiikumbuka hiyo, vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa Afrika Kusini miaka mitano kabla ya hapo. Tena mwaka 1915 akiwa Johannesburg Robert Innes akagundua ndugu wa tatu, Proksima, nyota ndogo nyekundu iliyofifia mno, teleskopu hii yetu haiwezi kuionyesha kirahisi na wala haiko katikati ya hao wawili, iko pembeni kama upana wa miezi minne iliyojipanga. Hiyo Proksima ndo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, miaka ya nuru 4.24, na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ina sayari.

Hatua ya saba: geuka nyuma

Sasa ipe mgongo kusini. Kwa sisi tulio karibu na ikweta hii ni zawadi ambayo watu wa kusini kabisa na wa kaskazini kabisa hawana, Mei mwishoni na Juni saa 3 usiku unageuka tu na kaskazini kuna Dubu Mkubwa. Nyota saba, umbo la upawa wenye mpini mrefu, ila kwetu upawa umepinduliwa, mdomo unaangalia chini. Hesabu kwenye mpini, nyota ya pili kutoka mwisho inaitwa Mizar. Itazame kwa utulivu. Pembeni yake kabisa kuna kinyota kidogo kimejibanza, kinaitwa Alcor, Waarabu wanakiita Suha na zamani walikitumia kupimia macho ya mtu.

Hizo mbili zimeachana dakika 12 za pembe, mara kumi na mbili ya mpaka wa jicho lako, ndo maana unaziona bila kifaa. Ukishindwa usikazie macho, tazama pembeni kidogo, kinyota hujitokeza chenyewe. Hapa mahali pawe na giza kidogo kuliko kule kusini sababu Alcor imefifia. Na ukielekeza teleskopu, Mizar yenyewe inapasuka kuwa mbili, kila moja ya hizo nayo ni mbili zilizobanana ambazo hakuna teleskopu ya nyumbani inayoziachanisha, na Alcor pia ina mwenzake aliyepatikana 2009. Jumla sita, pale ulipokuwa unahesabu moja.

Hatua ya nane: chora

Picha ya simu usiitegemee, hata ukiiweka kwenye stendi na mfumo wa usiku itakupa nukta moja nzuri ya kutuma kwa ndugu, basi. Chukua penseli na daftari. Chora duara ukubwa wa kifuniko cha chupa, hilo ndo eneo la kioo chako, weka nukta kubwa katikati iwe A, kisha weka nukta ndogo upande ule ule unaoiona B na umbali ule ule unaokadiria. Ili ujue upande, acha nyota itoroke yenyewe bila kuigusa, inakoelekea kutoka ni magharibi, chora mshale hapo. Andika tarehe, saa, mahali, lenzi uliyotumia.

Sababu ya kuchora ni kwamba hizi zinatembea na wewe una muda wa kuziona zikitembea. Mzunguko wao mmoja ni karibu miaka 80. Njia yao imerefuka kama yai, zikikaribiana zinakuwa mbali na mwenzake kama kutoka jua hadi kupita Zohali kidogo, zikiachana ni zaidi ya kutoka jua hadi Neptuni. Mara ya mwisho kukaribiana kabisa ilikuwa 1955, na inayofuata ni 2035. Tunavyoziona sisi kutoka huku, mwaka 2016 zilibanana mpaka sekunde 4, sasa zimefunguka, na zikishaivuka miaka hii zinabanana tena kiasi kwamba teleskopu ndogo itakuwa inaonyesha kitu kirefu kama punje ya mchele badala ya nukta mbili. Halafu zinafunguka polepole hadi sekunde kama 22 mwaka 2056, kama zilivyokuwa 1976.

Kwa hiyo mwaka huu chora, mwakani mwezi ule ule chora tena kwenye ukurasa unaofuata kwa lenzi ile ile, na uendelee. Usirekebishe mchoro wa zamani hata ukiona ulikosea. Daftari langu lina kurasa tano sasa, na la mpwa wangu lina sita sababu usiku wa mawingu mwaka juzi mi nililala yeye akasubiri mpaka saa 6 likafunguka.